Uzi Mnene Usiguswe

Jumatatu, 3 Juni

Amri imetoka. Mama mkwe anakuja Jumapili, ametoka kupasuliwa goti, na kitanda chake kitakaa pale lilipo boksi langu la spika. Mke wangu hakupandisha sauti. Alipima boksi kwa hatua zake, akapima kitanda kwa hatua zile zile, akasema kimoja kitoke, na si kitanda.

Boksi lenyewe linanifika kifuani. Spika nne ndani, amplifaya juu yake, vyote vizito kama jiko la chuma. Miaka kumi na moja nimepiga besi kwenye maharusi kwa vyombo hivyo. Halafu mwaka jana bendi ikagundua kwamba mpiga kinanda wetu anaweza kupiga besi kwa mkono wake wa kushoto, na mkono hauhitaji sahani yake wala kiti chake garini. Wakaniaga kwa maneno mazuri na kwa kinanda kikuukuu cha yule bwana, chenye vitufe vitatu visivyolia. Kiko chini ya kitanda mpaka leo. Yeye mwenyewe tangu siku hiyo namwita Kushoto.

Nimemwambia mke wangu vyombo vitauzika kabla ya Jumamosi. Sikumwambia habari ya spika ya chini, upande wa kulia. Imechanika. Ukipiga nyuzi tatu nyembamba za besi, sauti safi. Ukigusa uzi mnene, boksi linakoroma kama mzee mwenye mafua. Fundi redio aliniambia mwaka jana spika hiyo ibadilishwe. Nikamwambia naenda narudi. Sijarudi.

Tangazo nimeliweka kwenye makundi yote ya simu niliyomo, pamoja na lile la msiba wa jirani. Linasema: amplifaya na boksi la besi, vimetunzwa na mtu mmoja tu, sauti haina mfano. Nimelisoma mara tano. Sioni neno la uongo.

Jumanne, 4 Juni

Wateja watatu. Wa kwanza aliuliza kama ni friji. Wa pili anafuga sungura. Alitaka kujua kama mbao za nyuma zinafunguka, na kama nitapunguza bei nikibaki na hayo makorokoro ya ndani. Nilimkatia simu. Wa tatu alikuwa Kushoto.

Alikuja mwenyewe, amechomekea shati. Alisema tangazo limempitia, na kwamba mkoromo wa boksi lile anaujua tangu zamani, alikuwa anausikia jukwaani. Yuko tayari kulinunua hivyo hivyo lilivyo, limechanika. Bei yake haikuwa ya dharau. Nikaanza kumheshimu. Nikamuuliza analitakia nini wakati besi yake iko kiganjani. Akajibu kwa upole kabisa kwamba kinanda chake kipya kinahitaji meza imara.

Meza! Miaka kumi na moja halafu meza.

Nilimwambia boksi limeshapata mtu. Akauliza nani. Nikasema mtu wa hoteli, bendi ya hoteli. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akasikia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Kwa hiyo sasa nina mtu wa hoteli, na mke wangu anamsubiri, na mtu mwenyewe hayupo.

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe kaja leo. Siku nne kabla! Daktari kamruhusu mapema, na mke wangu anasema ni baraka. Kitanda kimebanwa ukutani, boksi liko miguuni pake. Nilimwamkia nimeinama, akaitikia, akaniombea mema, kisha akapanga dawa zake na miwani juu ya amplifaya. Alinishukuru kwa kumwandalia kabati.

Nikaona nikarabati mwenyewe. Nilisubiri asinzie, nikafungua boksi, nikatoa spika mbovu. Nikapaka gundi kwenye mchaniko na kubandika kipande cha karatasi. Gundi ikaisha katikati ya kazi. Nikamalizia na rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu. Ilikauka vizuri, ikang'aa, ikapendeza. Nikarudisha spika na kugusa uzi mnene kwa kidole gumba, kidogo tu. Halikukoroma. Lilipiga chafya. Nadhani ni maendeleo.

Jioni mke wangu alitafuta rangi yake ya kucha. Binti yetu, ana miaka kumi na minne, akaambiwa akome kugusa vitu vya mama yake bila kuomba. Alisema hajaigusa. Akaambiwa asijibu. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Lilikuwa la mwezi uliopita, lakini nililisoma lote.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeuza!

Saa nane mchana mwanamke alipiga simu, saa tisa yuko mlangoni. Mwalimu wa muziki. Chaki kwenye mkono wa blauzi, daftari kwapani, pikapu nje inaunguruma. Alisema shuleni wana gitaa la besi ambalo halijawahi kusikika kwa kukosa amplifaya, na wazazi wamechanga miaka miwili ili watoto wapate hiki kitu. Alisema yeye ni mtu wa filimbi na kwaya, mambo ya besi hayajui, kwa hiyo ataliamini sikio langu. Hapo ndipo mtu mwingine angesema. Mimi nilichukua gitaa.

Nilipiga vizuri. Harusini sijawahi kupiga vile. Nyuzi tatu nyembamba tu, vidole vinakimbia huko juu kwenye shingo. Uzi mnene niliuruka kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vipya. Mwalimu alifumba macho. Nilipomaliza aliomba, kama si usumbufu, asikie pia ile sauti nzito ya chini, maana watoto ndiyo wanayoipenda.

Nilimnong'oneza kwamba mama mkwe ametoka kupasuliwa goti, mtikisiko utamtonesha. Mwalimu akaona haya, akaomba radhi. Mama mkwe kutoka kitandani akasema tusiwe na wasiwasi, goti halina masikio, nipige tu. Nikamshukuru mama kwa moyo wake. Akasema tena nipige. Nikamwomba mama asijitese kwa ajili ya wageni. Akasema hajitesi, anataka kusikia. Mwisho Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekataa, akasema hawezi kumuumiza mama wa watu kwa sababu ya spika.

Nilisaidia kubeba. Nilishika upande mzito, kwa hiari yangu. Mwalimu aliniambia watu kama mimi wamebaki wachache. Nikamwambia ni kweli.

Pikapu ilipokata kona, mama mkwe aliniuliza kama ule uzi mkubwa ni wa pambo. Nilijitia sikusikia. Mke wangu aliporudi kutoka kazini nikamwambia mtu wa hoteli amekuja na gari lake. Sikuuliza ni shule gani. Shule ziko nyingi, na vikao vya shule huwa anakwenda mke wangu.

Ijumaa, 7 Juni

Shule ziko nyingi, nalo boksi limeingia hiyo hiyo ya binti yangu.

Binti alisema mezani, mbele ya mama yake na bibi yake, huku akiniangalia mimi. Shule yao imepata amplifaya na boksi la besi. Kubwa, jeusi, linamfika kidevuni. Mwalimu amewasimulia kwamba muuzaji ni muungwana sana, alikataa kupiga sauti nzito asimsumbue mgonjwa wa goti. Mama mkwe akaacha kutafuna.

Mke wangu hakushtuka, goti alilisikia juu juu kwa sababu alikuwa anamimina chai. Alisema laiti tungejua, tungewauzia sisi badala ya mtu wa hoteli. Nikasema laiti.

Binti hakutaja nyota. Alipokuwa na miaka mitano alibandika kinyota cha kung'aa chini ya mpini wa kushoto wa boksi lile, na akalia nilipotaka kukibandua, nikakiacha. Nilikikumbuka nikiwa namenya yai. Nikakumbuka pia kwamba ule mchango wa vyombo vya muziki nilioutoa kwa kunung'unika ulikuwa wa shule hii hii. Nimechangia kununua ubovu wangu mwenyewe. Yai lilinishinda.

Halafu akatoa habari ya pili. Yeye ndiye aliyechaguliwa kupiga besi siku ya wazazi, Jumamosi ya wiki ijayo. Wimbo unaanza na besi peke yake, noti moja ndefu, kabla ya ngoma na kabla ya sauti za watoto. Nilimuuliza ni uzi upi, ingawa nilishajua. Alisema uzi mnene, Baba, mtupu, bila kidole. Mama yake akapiga makofi. Mimi nikamwaga chai.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata wazo. Kisichorekebishika ni boksi, wimbo unarekebishika.

Nilimwita Binti barazani, nikamweleza kitaalamu kwamba wapigaji wakubwa siku hizi hawagusi uzi mnene. Ni ushamba. Utamu uko juu, kwenye nyuzi nyembamba, na mtu akiwa mjanja anaweza kupiga wimbo wowote kule juu bila kushuka hata mara moja. Nikamwonyesha kwenye gitaa. Alitazama vidole vyangu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tangu lini. Maana alipokuwa na miaka saba, alisema, nilimfundisha kwamba uzi mnene ndio sakafu ya nyumba, na mpiga besi anayeukwepa ana jambo analificha.

Nilisema hayo, kweli. Mdomo wangu huu.

Nikamwambia muziki unabadilika. Akasema sawa, Baba. Hiyo sawa naijua, mama yake huwaambia mafundi wakidai wamemaliza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi redio. Ameniuliza kama mwaka jana ndiyo huu. Spika ya namna ile hana, na anajua mtu mmoja tu mwenye nayo, aliichomoa kwenye vyombo vya zamani vya bendi. Kushoto.

Niliizunguka nyumba yake mara mbili. Ya tatu nikabisha hodi.

Hakucheka, na hilo ndilo liliniuma. Nilimweleza habari ya Binti, si yote, lakini alijazia mwenyewe. Akaitoa spika chini ya meza, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akaniwekea magotini. Alisema hataki malipo. Ana ombi moja. Kesho niende kwenye mazoezi ya bendi, niseme mbele ya wenzetu kwamba mkono wake wa kushoto ulistahili nafasi ile. Sentensi moja. Alisema mwaka mzima nimekuwa namsema mitaani, na hakuna siku aliyonijibu.

Nilikaa na ile spika magotini. Ilikuwa nzima, karatasi yake nyeusi haina hata mkunjo. Nikamfikiria Binti na noti yake ndefu. Nikaona nijaribu sentensi pale pale, kwa mazoezi. Nikafika kwenye "mkono wako". Hapo ikagoma. Nikarudisha spika mezani, nikaaga, nikamwachia na chai aliyoniwekea, haijapoa.

Naona aibu kuandika hili. Kwa ajili ya mtoto wangu ningetoa kitu chochote cha nyumba hii, gitaa, kitanda, saa ya ukutani. Sentensi ile tu ndiyo haikutoka.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda shuleni kuungama. Nilivaa shati la jukwaani, nikakariri njiani: Mwalimu, boksi ni bovu, nilijua. Maneno matano.

Chumba cha muziki kiko nyuma ya ghala la madawati. Mwalimu alinipokea kwa mikono miwili, akaniletea kiti chenye mgongo na soda. Kabla sijafungua mdomo alisema ana habari mbaya na anaona haya kunieleza. Boksi langu zuri limeharibika. Nikashika kiti.

Alisema ni siku ya kwanza kabisa, Ijumaa. Mwanafunzi mmoja aligusa uzi mnene, boksi likakoroma. Mwalimu akataka kunipigia simu aniulize. Lakini yule mwanafunzi alinyoosha mkono mbele ya wenzake, akasema kosa ni lake, ameufyatua uzi kwa nguvu mno ndipo spika ikapasuka. Imebidi apewe adhabu, afagie chumba cha muziki mpaka shule zifungwe. Mwalimu alisema roho ilimuuma kumwadhibu, maana ukweli kama ule siku hizi hauonekani. Na bado mtoto kaahidi atatafuta njia ya kuupiga wimbo. Alisema angependa siku moja amjue mzazi aliyemlea.

Mlango ukafunguka. Binti, na ufagio.

Aliniona, wala hakushtuka. Akasema shikamoo, mzee, kama mtoto yeyote anavyomwamkia mgeni. Alikuwa ananificha. Nami nikaitikia marahaba, mwanangu, kama mzee yeyote anavyomwitikia mtoto wa mtu. Akaanza kufagia kutoka pembeni kwenda mlangoni, vile mama yake alivyomfundisha. Alipofika kwenye viatu vyangu aliniomba niinue miguu. Nikainua.

Ijumaa pale mezani mtoto alikuwa ameshabeba mzigo wangu, na alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikampa somo la nyuzi nyembamba.

Maneno matano yalikuwa yamefika kwenye meno. Nilichosema ni kwamba spika ni kitu cha kuharibika. Mwalimu alinishukuru kwa kulichukulia jambo hili kiutu uzima. Niliondoka na ile soda mkononi, nikijiambia sistahili kuinywa. Niliinywa njiani. Ilikuwa ya baridi.

Alhamisi, 13 Juni

Binti hajasema kitu nyumbani. Ananipitishia chumvi kama kawaida.

Nilikuwa naanua nguo, akaja, akanipa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na magamba mekundu. Rangi ya kucha. Alisema Mwalimu alipofungua mgongo wa boksi alikwenda kutafuta tochi, naye akaibandua kwa ukucha kabla hajarudi. Alisema niyatupe mwenyewe.

Nilianza kumweleza kwamba yote nimefanya kwa ajili ya nyumba hii na goti la bibi yake. Aliningoja nimalize. Kisha akauliza kama Jumamosi nitakuja. Nikasema nitakuja. Ni swali pekee nililoweza kulijibu wiki hii.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya wazazi. Tulikwenda wote, mke wangu, mama mkwe na mkongojo wake, na mimi na kofia. Niliishusha mpaka kwenye nyusi. Tulikaa mstari wa nne.

Boksi langu lilikuwa nyuma ya Binti, limefunikwa kitambaa cha maua. Ukumbi ukanyamaza kungoja noti ya kwanza. Nikafumba macho. Ikatoka nyembamba, juu, safi. Aliweka kidole kwenye uzi mwembamba, huko karibu na kifua cha gitaa. Akaenda hivyo wimbo mzima, anauruka uzi mnene kwa adabu, halikukoroma hata mara moja. Watoto waliimba vizuri, lakini sauti zao zilikuwa zinaelea, hazina pa kukanyaga. Wazazi hawakuona. Wazazi hupiga makofi tu. Mimi niliona, maana ufundi ule nilimfundisha mwenyewe, barazani.

Kushoto alikuwepo, mpwa wake anaimba pale. Alipita karibu yangu, akasema msichana ana kichwa kizuri, na spika bado iko chini ya meza. Akaendelea na safari yake. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Ndipo Mwalimu akashika kipaza sauti na kusema yule muungwana aliyewauzia chombo hiki yumo ukumbini. Kofia haikusaidia. Alininyooshea kidole, na mke wangu akageuza shingo polepole, kama mlango wa ghala. Mwalimu akaona nimekaa na nani, akaelewa kila kitu, na akakielewa vibaya. Akatangaza kwamba kumbe mimi ni baba wa mpiga besi. Niliuza kimya kimya bila kujitambulisha, ndivyo alivyosema, kwa unyenyekevu, ili mwanangu na wenzake wapate sauti. Akasema sasa anajua mtoto aliyekiri kuharibu spika aliutoa wapi ukweli wake. Akaniomba nisimame niseme neno.

Nilisimama. Binti aliinua kichwa kule jukwaani. Alikuwa anangoja, hivyo hivyo alivyokuwa akiningoja langoni alipokuwa mdogo, nikichelewa kumchukua. Hakukasirika, alingoja tu. Nikavuta pumzi. Maneno matano, na nilikuwa nayo yote.

Nikasema ahsanteni sana. Walinipigia makofi mengi kuliko waliyompigia yeye.

Nyumbani mke wangu hakugomba. Alitandika mkeka sebuleni, akasema ni wa mtu wa hoteli, vyumba vyetu vimejaa.

Jumapili, 16 Juni

Mgongo unaniuma. Mke wangu haongei na mimi. Mama mkwe anaongea. Amesema siku ile aliona naukwepa uzi mkubwa, akadhani kidole kinaniuma, na tangu siku hiyo amekuwa anakiombea kidole changu asubuhi na jioni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya chakula Binti alikuja, akakaa ukingoni mwa mkeka. Ana ombi moja. Kesho nikamwambie Mwalimu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hataki zawadi, na kufagia si kazi ngumu. Lakini wenzake wamempachika jina la Mvunja Spika. Na Mwalimu kamkataza asiuguse tena uzi mnene, hata boksi likitengenezwa, kwa sababu mkono wake hauaminiki. Hilo la mwisho alilisema akiangalia dirishani.

Nililia. Nakiri, nililia mbele ya mtoto, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa. Nikaapa. Nikachukua kalamu, nikaandika barua ya ukurasa mzima, yote yamo. Mchaniko, rangi ya kucha, goti, mtu wa hoteli, hata ile soda. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Nikamsomea. Alinisahihisha tarehe, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati langu, akafunga kifungo mwenyewe.

Nimekuwa mtu mpya. Hata mkeka nimeuzoea.

Jumatatu, 17 Juni

Nilifika shuleni kabla ya kengele ya pili. Mkono juu ya kifungo muda wote.

Mwalimu alisema ni bahati nimekuja, anahitaji ushauri wa mtu anayemwamini. Tangu Jumamosi wazazi wamechangamka, sasa wanataka watoto wapate na kinanda. Kikiwa kimetumika si neno. Aliuliza kama kwa bahati namfahamu muuzaji mwaminifu, mtu wa namna yangu, maana kinanda nacho hakijui vizuri.

Nilifungua kifungo. Nataka ieleweke kwamba nilikifungua. Nilitoa barua, ilikuwa mkononi mwangu, Mwalimu aliiona. Akadhani nimetoa karatasi ya kuandikia, akanipa kalamu yake. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikaandika anachohitaji: ukubwa, urefu wa meza, siku ya pikapu, Alhamisi saa tisa. Kisha nikaikunja na kuirudisha mfukoni, nikafunga kifungo.

Sasa hivi kinanda cha Kushoto kimetoka chini ya kitanda, kiko juu ya meza, nimekipangusa. Kina sura nzuri. Kimepigwa na mtu mmoja tu, tena kwa uangalifu. Vitufe vitatu ndivyo havilii, na viwili kati ya hivyo viko pembeni kabisa, ambako watoto hawafiki. Kuungama nitaungama Alhamisi hiyo hiyo, mambo mawili kwa safari moja, nisimsumbue mwalimu wa watu kila siku.

Binti anarudi saa kumi. Ataniuliza Mwalimu alisemaje, nami nitamwambia alifurahi sana kuniona, jambo ambalo ni kweli. Halafu nitamwomba aniandikie orodha ya nyimbo zisizopita kwenye vitufe vile vitatu. Ana kichwa kizuri kwa mambo hayo.